Bahari ya Baridi na Mafuta Yaliyomwagika: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tuliandika kwa ufupi kwamba mafuta yakimwagika baharini, sehemu yake kubwa huishia kuliwa na bakteria, hata katika bahari za baridi. Sentensi hiyo imeleta barua nyingi kuliko habari yenyewe iliyokuwamo. Nimechagua barua ambazo majibu yake hayarudiani, na naanza na ile iliyouliza vizuri kuliko zote.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mchuuzi wa samaki hapa Soko la Feri. Kila alfajiri tunanunua barafu ili samaki wasioze, kwa kuwa sote tunajua kwamba baridi huwazuia wadudu wa uozo. Ninyi mmeandika kwamba bakteria hula mafuta hata katika maji ya Alaska na ya Antaktika. Kama kasha langu dogo la barafu linawazuia bakteria, bahari nzima ya baridi itashindwaje kuwazuia?
Mchuuzi wa Magogoni

JIBU: Ndugu mchuuzi, barafu yako haiwazuii bakteria wote. Inawazuia zaidi wale waliozoea joto la pwani yetu. Samaki aliyevuliwa katika maji ya nyuzi 28 hubeba kwenye ngozi na matamvua yake bakteria wa joto, ambao wakikutana na barafu hudumaa, na hii ni sababu mojawapo inayotolewa kueleza kwa nini samaki wa kitropiki hukaa kwenye barafu siku nyingi kuliko samaki wa bahari za kaskazini, ambaye bakteria wake wamezaliwa katika baridi na hawaoni jambo geni ndani ya kasha. Hata samaki wako ataoza ukimwacha humo muda wa kutosha, na watakaomwozesha ni wale wachache, waliokuwapo tangu mwanzo, wanaoweza kukua karibu na nyuzi sifuri. Bahari ya baridi imejaa bakteria wa aina hiyo, nao wamekuwa humo kwa mamilioni ya miaka.

Pengine utauliza walijifunza wapi kula mafuta, ilhali meli za kubeba mafuta hazijafikisha miaka mia mbili. Mafuta ghafi huvuja yenyewe kutoka kwenye nyufa za sakafu ya bahari tangu kale, na makadirio yanayotumiwa sana na wanasayansi ni takriban tani 600,000 kwa mwaka duniani kote. Zaidi ya hayo, vijiumbe wa rangi ya kijani-buluu wanaoelea karibu na uso wa bahari, ambao hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huzalisha ndani ya seli zao haidrokaboni, yaani molekuli za kaboni na haidrojeni, zinazofanana na baadhi ya zile zilizomo katika mafuta ghafi. Kwa hiyo maji ya bahari, yawe ya joto au ya baridi, karibu kila mahali yana bakteria wachache walio tayari kwa mlo wa namna hii, na mafuta yakimwagika wachache hao huzaana mpaka wakawazidi wenzao wote.

Baadhi yao wanajulikana kwa majina. Alcanivorax borkumensis, aliyepewa jina la kisiwa cha Borkum katika Bahari ya Kaskazini na kuelezwa kisayansi mwaka 1998, hula karibu haidrokaboni peke yake. Ukimpa sukari haimsaidii kitu. Anayelihusu zaidi swali lako ni Oleispira antarctica, aliyepatikana katika maji ya Rod Bay, kwenye Bahari ya Ross huko Antaktika, na kuelezwa mwaka 2003. Bakteria huyu hukua kuanzia nyuzi 1 hadi 25, lakini hustawi zaidi kati ya nyuzi 2 na 4. Kwa maneno mengine, maji ya Magogoni yangemshinda kwa joto.

Namna wanavyokula inahitaji maelezo kidogo. Mafuta hayayeyuki majini, au huyeyuka kwa kiasi kidogo sana, kwa hiyo kazi karibu yote hufanyika pale mafuta na maji yanapokutana, juu ya uso wa tone. Bakteria hujibandika hapo, na wengine, Alcanivorax akiwamo, hutoa dutu yenye tabia ya sabuni inayoyavunja mafuta kuwa matone madogo zaidi. Kisha huja hatua iliyo ngumu kuliko zote. Molekuli ya haidrokaboni ni mnyororo wa kaboni na haidrojeni usio na mahali pa kushikia, na bakteria huuvamia kwa kimeng'enya kinachochukua oksijeni iliyoyeyuka majini na kuipachika kwenye ncha ya mnyororo huo. Mnyororo hugeuka kuwa alkoholi, halafu aldehaidi, halafu asidi ya mafuta, na ikifika hapo imekuwa chakula cha kawaida, maana asidi za mafuta hukatwa kaboni mbili mbili kwa njia ile ile ambayo miili yetu hutumia kuvunja samli. Mwishoni hubaki kaboni dayoksaidi, maji, na bakteria wengi zaidi. Naomba uikumbuke hiyo oksijeni, kwa sababu majibu mengi yanayofuata yanaitegemea.

Baridi inawasumbua bakteria kwa njia mbili, na wale wa bahari za baridi wana jibu kwa zote mbili. Utando wa seli, ambao wenyewe umeundwa kwa mafuta, hukakamaa unapopoa. Wao huujenga kwa asidi za mafuta za aina inayobaki laini katika baridi. Vimeng'enya navyo hupoteza wepesi, kwa hiyo vya kwao vimeumbwa vikiwa vyepesi kujikunja, hata kama vinaharibika upesi vikipata joto. Watafiti waliwahi kuzichukua protini za Oleispira zinazosaidia protini nyingine kujikunja vizuri, wakaziweka ndani ya bakteria wa kawaida wa utumboni, Escherichia coli, naye akaweza kukua katika baridi ambayo kwa kawaida humsimamisha kabisa.

Hata hivyo sitaki ufikiri kwamba baridi haina athari. Kanuni ya jumla ya kemia ya viumbe ni kwamba kasi ya kazi hupungua mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi kumi zinazoshuka, na bakteria wa baridi wanaipunguza hasara hiyo bila kuifuta. Athari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye mafuta yenyewe. Yakipoa huwa mazito, hayavunjiki kwa urahisi kuwa matone hata mawimbi yakiyapiga, na nta iliyomo huanza kuganda, kwa hiyo uso ambao bakteria wanaweza kuushika hupungua. Sehemu nyepesi kama benzini na toluini, ambazo kwetu zingepaa hewani mapema chini ya jua, huko hukaa majini muda mrefu zaidi, nazo ni sumu hata kwa bakteria. Mafuta ghafi ya Uganda, ambayo bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kuyasafirisha yakiwa yamepashwa joto la nyuzi 50 hivi, ni mfano ulio karibu nasi, kwa kuwa yana nta nyingi kiasi kwamba yangeganda hata katika maji yetu ya nyuzi 27. Nta yenyewe ni minyororo mirefu ambayo bakteria wanaimudu. Lakini ikiwa imeganda madonge madonge, wanaifikia kwa nje tu.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Mlimani. Nimesoma kwamba huko Alaska mafuta ya mwaka 1989 bado yalikuwa yakipatikana chini ya changarawe za ufukwe miongo kadhaa baadaye, na nimesoma pia kwamba katika Ghuba ya Meksiko mafuta yaliliwa haraka ndani ya maji ya nyuzi 5. Zote mbili ni baridi. Ni ipi kati ya habari hizi iliyo ya kweli?
Mwanafunzi, Mlimani

JIBU: Marahaba. Zote mbili ni za kweli, na ukizisoma pamoja utaelewa jambo hili kuliko ukizisoma mojamoja.

Tuanze na Alaska. Muda mfupi baada ya saa sita ya usiku wa kuamkia tarehe 24 Machi 1989, meli Exxon Valdez iligonga mwamba wa Bligh Reef katika ghuba ya Prince William Sound, ikamwaga takriban lita milioni 42 za mafuta ghafi ambayo hatimaye yalichafua zaidi ya kilomita 2,000 za pwani. Wanasayansi waliofika waligundua kwamba bakteria wa kula mafuta walikuwapo tayari na walikuwa wameshaongezeka, ila walikuwa na njaa ya kitu kingine. Mafuta yana kaboni na haidrojeni tele, lakini karibu hayana naitrojeni wala fosforasi, na bila vitu hivyo seli haiwezi kujenga protini wala vinasaba vya watoto wake. Kipimo kinachotajwa sana ni kwamba kwa kila sehemu 100 za kaboni, bakteria huhitaji takriban sehemu 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Kwa hiyo fukwe zilinyunyiziwa mbolea, moja ya maji inayoshikamana na mafuta na nyingine ya punje zinazoyeyuka polepole, na pale ilipofika vizuri, kasi ya kuoza kwa mafuta iliongezeka mara mbili hadi mara tano. Huo ndio mfano unaotajwa kila mahali, na ni halali yake kutajwa.

Unaotajwa kwa nadra ni mwendelezo wake. Mwaka 2001 watafiti wa serikali ya Marekani walirudi na kuchimba maelfu ya mashimo katika fukwe zilizokuwa zimechafuliwa, wakayakuta mafuta chini ya changarawe katika zaidi ya nusu ya fukwe walizozichunguza, mengine yakiwa bado majimaji na yenye harufu. Wengi walisema baridi ndiyo iliyoyahifadhi. Maelezo yaliyokuja baadaye, mwaka 2010, yanaridhisha zaidi: fukwe hizo zina tabaka mbili, la juu lenye nafasi nyingi ambamo maji ya bahari hupita kwa uhuru kila yanapojaa na kupwa, na la chini lililoshikana sana, ambamo maji hupita kwa kasi ndogo mara mamia hadi elfu moja. Mafuta yaliyoingia katika tabaka la chini yalikaa mahali pasipo na oksijeni ya kutosha wala mbolea ya kutosha. Bakteria wanaoweza kuvunja haidrokaboni bila oksijeni wapo, wakitumia salfeti iliyomo katika maji ya bahari, lakini mwendo wao ni wa kobe hata kwenye joto.

Sasa Ghuba ya Meksiko. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa kuchimba mafuta Deepwater Horizon ulilipuka, wafanyakazi 11 wakafariki, na kisima kilichokuwa chini ya mita 1,500 hivi za maji kikavuja kwa siku 87. Mafuta na gesi vilitoka kwa msukumo mkubwa, na kemikali za kutawanya mafuta zikapulizwa pale pale mdomoni mwa kisima, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafuta haikupanda juu. Ilibaki katika kina cha mita 1,100 hivi kama wingu la matone madogo sana, mengi yakiwa madogo kuliko upana wa unywele, katika maji ya nyuzi 5 hivi. Bakteria wa kundi la Oceanospirillales, ambao ni jamaa wa karibu wa yule Oleispira wa Antaktika, waliongezeka ndani ya wingu hilo mpaka wakawa wengi kupita wote, kisha wakafuatwa na kina Colwellia na Cycloclasticus kadiri chakula kilivyobadilika. Vipimo vya wakati ule vilionyesha kwamba nusu ya minyororo iliyonyooka ilikuwa ikitoweka kwa muda wa siku chache tu. Wapo waliokishuku kiwango hicho, na mjadala kuhusu iwapo kemikali zile ziliwasaidia bakteria au ziliwachelewesha haujafungwa. Lakini kwamba waliyala, na kwamba waliyala katika baridi, hakuna anayebisha.

Angalia sasa vitu ambavyo bakteria wa kina hicho walikuwa navyo na wenzao wa chini ya changarawe hawakuwa navyo. Matone yalikuwa madogo na yametawanyika, hivyo uso wa kujibandika ulikuwa mkubwa ajabu. Maji yalikuwa yakipita na kuleta oksijeni mpya, na ingawa vipimo vilionyesha kwamba ilipungua ndani ya wingu, haikukaribia kuisha. Jambo la tatu ndilo linalosahaulika: maji ya baridi ya kina kirefu yana naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko maji ya juu yenye joto, kwa sababu viumbe wa juu huvimaliza virutubisho hivyo, kisha mizoga na mabaki yao huzama na kuvirudisha chini. Wakati ule ule, kwenye uso wa Ghuba, katika maji ya vuguvugu, bakteria waliokuwa ndani ya utando wa mafuta walikuwa wakipumua kwa kasi huku idadi yao ikikataa kuongezeka kwa uhaba wa fosforasi. Ukilinganisha kwa kipimajoto peke yake, ungetabiri kinyume.

Kwa uaminifu niongeze kwamba si mafuta yote ya kina kile yaliyoliwa. Sehemu yake ilinaswa katika chembechembe za mabaki ya viumbe, ikazama nazo hadi sakafuni na kufukiwa na tope, na humo hali ikawa kama ile ya Alaska.

Kwa hiyo, ukiulizwa kwenye mtihani ni nini kinachoamua hatima ya mafuta katika bahari ya baridi, usianze na nyuzi. Anza na ukubwa wa matone, oksijeni na virutubisho, halafu joto lifuate. Mwalimu wako akikukata alama, mwonyeshe ukurasa huu.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nafundisha kemia katika sekondari moja ya Temeke. Mnasema mafuta "yameliwa". Bahari ni kubwa na ina mawimbi. Mnajuaje kwamba hayakusombwa tu na maji yakaenda kwingine?
Mwalimu wa Kemia, Temeke

JIBU: Mwalimu, hili ni pingamizi la haki, na kwa miaka mingi lilikuwa tatizo kubwa la fani hii. Ukipima mafuta leo ukapata gramu 10, ukarudi baada ya mwezi ukapata 4, hujui kama zile 6 zimeliwa au zimeondoka.

Ufumbuzi uliopatikana unapendeza. Ndani ya mafuta ghafi kuna kundi la molekuli ziitwazo hopani, zenye pete tano za kaboni zilizoungana, ambazo bakteria huzigusa kwa shida sana. Wimbi likiyasomba mafuta huvisomba vyote kwa pamoja, hopani na minyororo, na uwiano kati yao haubadiliki. Bakteria wakila, minyororo hupungua na hopani hubaki, kwa hiyo uwiano hubadilika, na kutokana na badiliko hilo mtu huweza kukokotoa kiasi kilicholiwa. Kwa uchunguzi wa haraka zaidi hulinganishwa mnyororo ulionyooka wa kaboni 17 na pristani, ambayo ina matawi na kwa sababu hiyo hailiwi kwa urahisi. Zote mbili hupaa hewani kwa kiwango kinachokaribiana, hivyo zikitofautiana mtuhumiwa ni bakteria. Jambo la kuchekesha ni kwamba hopani zenyewe ni mabaki ya tando za bakteria waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita.

Mpangilio wa kuliwa nao huwa karibu ule ule katika joto na katika baridi: kwanza minyororo iliyonyooka, kisha yenye matawi, kisha molekuli za pete mbili au tatu, ambazo Cycloclasticus ni bingwa wake, kisha zile za pete nne na kuendelea, kwa taabu. Viambato vizito vinavyofanana na lami, yaani resini na asfalteni, karibu haviguswi kabisa. Hivyo ndivyo vinavyobaki na kuwa yale madonge meusi yanayonata miguuni ufukweni.

SWALI: Salaam. Sisi ni wenye boti hapa Msasani. Kuna jamaa anatuuzia unga anaosema una bakteria wa kula mafuta yanayovuja kutoka kwenye injini, na mwenzake anasema sabuni ya maji inatosha. Tumwamini yupi?
Mwenye boti, Msasani

JIBU: Msimwamini hata mmoja, na fedha mliyotaka kuwapa nunueni mpira mpya wa kuzuia mvujo kwenye injini.

Unga wa bakteria umeshajaribiwa na watu wenye vifaa kuliko huyo jamaa. Baada ya ajali ya Alaska, bidhaa za namna hiyo zilipimwa, kwanza maabara na kisha ufukweni, na zilizofika ufukweni hazikuonyesha tofauti ya maana zikilinganishwa na mahali ambapo bakteria wenyeji waliachwa wafanye kazi yao. Bakteria wa kiwandani hutupwa katika chumvi, baridi au joto wasilolizoea, katikati ya wenyeji waliokwisha kukalia nafasi zote, na wengi hawadumu. Hata yule bakteria maarufu aliyeundwa na Ananda Chakrabarty, mwanasayansi mzaliwa wa India, ambaye mwaka 1980 alisababisha Mahakama ya Juu ya Marekani iamue kwamba kiumbe hai kilichotengenezwa na binadamu kinaweza kupewa hataza, hakuwahi kutumika kusafisha mafuta baharini.

Kuhusu sabuni, mwaka 1967 meli Torrey Canyon ilipasuka karibu na Cornwall, Uingereza, na takriban tani 10,000 za sabuni kali za wakati ule zikamwagwa juu ya mafuta. Fukwe na miamba iliyooshwa kwa sabuni ilipoteza viumbe wengi zaidi, na ilichelewa kupona kuliko sehemu zilizoachwa zikiwa na mafuta yake. Kemikali za kutawanya mafuta za leo zina sumu ndogo zaidi, lakini hutumiwa na mamlaka kwa kibali, katika maji yenye kina na mkondo, wala si sabuni ya kuoshea vyombo inayomiminwa kwenye maji ya magotini. Sabuni yenu itauondoa tu ule utando wa rangi juu ya maji, nanyi mtadhani mafuta yamekwisha, kumbe mmeyapeleka chini waliko kaa na chaza.

SWALI: Mhariri, nakaa karibu na mikoko ya Kunduchi. Kwa kuwa bahari yetu ni ya joto na bakteria wanapenda joto, je, nikisema kwamba meli ikimwaga mafuta hapa yatatoweka haraka kuliko Alaska nitakuwa nimekosea?
Mkazi wa Kunduchi

JIBU: Ikiwa mafuta ni mepesi, yako mbali na ufukwe, na bahari imechafuka kidogo, utakuwa sahihi kwa kiasi kikubwa, maana jua litayapunguza kwa kuyakausha, mawimbi yatayavunja, na bakteria wa nyuzi 28 watafanya kwa siku kazi ambayo wenzao wa nyuzi 5 wangeifanya kwa siku kadhaa, alimradi virutubisho visiwapungukie.

Mikoko ni habari nyingine kabisa. Chimba tope la mikoko kwa kidole utaona weusi na kusikia harufu ya yai viza mara tu unapopita ngozi ya juu. Hiyo ni dalili kwamba oksijeni imeishia milimita chache chini ya uso, na kwamba walioko chini ni wale bakteria wa salfeti wenye mwendo wa pole. Mafuta yakizama humo, joto letu lote la Dar es Salaam haliwezi kuyafanya yaliwe kwa kasi, na yanaweza kukaa miaka mingi kama yalivyokaa chini ya changarawe za Alaska. Kabla ya hapo yatakuwa yameziba mizizi ya kupumulia, na mti wenyewe unaweza kufa kabla bakteria hawajaanza kazi. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi upepo nao husukuma upande huo huo, kwa hiyo kinachomwagika mbele ya Kigamboni, ambako meli za mafuta hufunga kwenye boya la Mjimwema, kina njia ya wazi kuelekea Msasani, Kunduchi na Mbweni.

Morisi, jirani zetu wa Bahari ya Hindi, waliyaona haya mwaka 2020, pale meli Wakashio ilipokwama kwenye miamba tarehe 25 Julai na siku kadhaa baadaye kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta mazito karibu na mikoko na matumbawe. Wananchi walishona vizuizi vya kuelea kwa vitambaa na majani makavu ya miwa, wakavitandaza majini bila kusubiri lolote. Nawasifu kwa hilo, kwa kuwa kizuizi kinachoyaweka mafuta juu ya maji ya wazi kinayaacha mahali penye oksijeni. Na yakishaingia mikokoni, msiwaruhusu watu kukanyaga-kanyaga wakiyazoa kwa majembe, maana kila hatua huyashindilia chini zaidi, mahali ambapo hayataliwa.

SWALI: Je, Tanzania ina bahari ya baridi, au mambo haya ni ya wenzetu tu?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Inayo, tena kubwa kuliko ile ya joto. Maji ya vuguvugu tunayoogelea ni tabaka jembamba juu ya bahari. Ukishuka mita 1,000 mbele ya pwani yetu, joto limeshapungua chini ya nyuzi 10, na kwenye mita 2,500, ambacho ndicho kina cha maji katika baadhi ya maeneo ambako gesi asilia imegunduliwa mbele ya Lindi na Mtwara tangu mwaka 2010, ni nyuzi 2 au 3 tu, sawa na zile anazozipenda Oleispira. Kinachopatikana huko ni gesi zaidi kuliko mafuta, kwa hiyo kikivuja, watakaotangulia mezani ni bakteria wa methani, ambao nao hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, kama ilivyoonekana katika wingu la Ghuba ya Meksiko, ambako gesi nyepesi zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuliwa.